Bodi ya taaluma iliamua, waraka ukasema vingine: nani mwenye neno la mwisho chuoni?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha ufundi cha serikali hapa Lamu, na ni mjumbe wa bodi ya taaluma. Muhula uliopita tulikaa tukakubaliana mambo mawili: kiwango cha mahudhurio kibaki asilimia 75, na kozi ya uundaji wa vyombo vya baharini iendelee kusajili wanafunzi ingawa ina vijana tisa tu. Wiki mbili baadaye ukatoka waraka wa mkuu wa chuo. Mahudhurio sasa ni asilimia 90, asiyefikisha hafanyi tathmini, na kozi ya vyombo haisajili tena. Binamu yangu anafundisha California, kwenye vile vyuo vyao vya miaka miwili wanavyoviita vyuo vya jamii. Anasema kwao walimu wana seneti, yaani baraza lao, na mkuu hawezi kuwaruka. Je, sisi tuna haki hiyo? Na tufanye nini bila kuhatarisha kazi zetu? Wenzangu wengine wanataka twende gazetini.

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu mwenzangu.

Seneti hamna, na bodi ya taaluma ya chuo kama chenu kazi yake ni kushauri. Kwa hiyo waraka wa mahudhurio, hata kama umewachoma, si lazima uwe umevunja sheria yoyote. Ule wa kozi ni habari nyingine. Kufunga mlango wa kozi si jambo la mkuu wa chuo kuliamua peke yake, na hapo mna pa kusimama. Umeyaweka mambo mawili katika lalamiko moja, na nashuku kikaoni pia yalijadiliwa kwa pumzi moja. Yatenganisheni, kwa sababu kila moja lina mlango wake.

Kwanza, chuo ni cha nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti zile zilizokuwa politekniki za vijijini, ambazo leo ni vituo vya mafunzo ya ufundi. Huko unabisha hodi idara ya elimu ya kaunti. Wewe umeandika chuo cha serikali chenye bodi ya taaluma, nami nachukulia ni chuo kilicho chini ya wizara, chenye bodi yake ya usimamizi, ile tunayoiita BOG; hapa nitaiita bodi ya chuo, isichanganywe na bodi yenu ya taaluma.

Sheria ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, ya mwaka 2013 haikuwapa madaraka walimu, na wala haikumpa mkuu wa chuo. Iliipa bodi ya chuo. Hiyo ndiyo inayosimamia viwango na ubora wa mafunzo, inayopitisha makadirio ya fedha, inayoweka masharti ya kupokea wanafunzi na kuwaondoa, na inayotunga na kupitia kozi kisha kupeleka maoni yake TVETA, mamlaka ya taifa inayosimamia vyuo vya ufundi. Mkuu wa chuo ni katibu wa bodi hiyo na mtendaji wa kila siku. Sheria hiyo hiyo imeitaka bodi ikuze chuoni desturi ya kidemokrasia, mazungumzo na kuvumiliana. Watu hukisoma kifungu hicho kama pambo la kumalizia orodha. Mimi ningekitaja katika mstari wa pili wa barua yangu.

Sasa fikiria ni mambo gani hasa yamebaki mikononi mwa chuo. Mtaala wa mafunzo ya umahiri, CBET, haukuandikwa Lamu. Unatoka TVET CDACC, baraza la taifa la mitaala ya ufundi, umejengwa juu ya viwango vya kazi vilivyojadiliwa na watu wa sekta zenyewe, na CDACC ndiyo inayotathmini na kutoa vyeti. Kozi za zamani zilikuwa za KNEC, baraza la mitihani la taifa. Kukikubali chuo na kozi zake, na kuwasajili wakufunzi, ni kazi ya TVETA. KUCCPS, ofisi ya taifa ya kugawa nafasi za vyuo, ndiyo inayowapangia wanafunzi nafasi. Bodi ya taaluma inayokesha ikibishana juu ya idadi ya vitengo katika moduli inamaliza chai ya chuo bure. Kilichobaki kwenu ni ratiba, mpangilio wa moduli, mahudhurio, vipindi vya kufidia, tathmini za ndani na uhakiki wake, atachimenti (mafunzo ya kazini), malalamiko ya wanafunzi juu ya alama, na ushauri kuhusu kozi ya kufungua au kufunga. Ni machache, lakini ndiyo yanayoamua kama kijana wa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, atamaliza au ataishia njiani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mkuu aliwaruka, ulizeni mlikuwa mmekaa kama nani. Bodi yenu ya taaluma iliundwa kwa andiko gani? Ina hadidu za rejea, yaani andiko la kazi na mipaka yake, zilizopitishwa na bodi ya chuo? Akidi ni watu wangapi? Uamuzi wake unaitwa pendekezo au azimio, na unapelekwa kwa nani, kwa muda gani? Vyuo vingi nilivyoona, andiko hilo halipo, au lipo kwenye kompyuta ya registra wa miaka hiyo aliyekwisha kuhamishwa. Bodi ya taaluma isiyo na hadidu ni kama kamati ya arusi: kila mtu anatoa neno lake, sahani zinapita, kisha baba mzazi anafanya alivyokwisha kukusudia tangu jana. Hapo hakuna aliyevunja sheria, maana sheria yenyewe haikuwekwa.

Kuhusu California, binamu yako hakusema uongo, ila amekupa nusu nzuri zaidi. Mwaka 1988 jimbo hilo lilipitisha sheria inayojulikana kwa namba yake, AB 1725, iliyowapa walimu wa vyuo vya jamii nafasi rasmi katika uendeshaji. Kanuni zilizofuata ziliorodhesha mambo ya kitaaluma ambayo lazima seneti ya walimu ishirikishwe. Wenyewe huiita "10+1", yaani mambo kumi na jingine moja la nyongeza: mtaala, masharti ya vyeti, utoaji wa alama, uanzishaji wa kozi, viwango vya maandalizi na mafanikio ya wanafunzi, nafasi ya walimu katika ithibati, mafunzo ya walimu, utaratibu wa kukagua kozi, utaratibu wa kupanga bajeti, na kadhalika. Angalia hilo la bajeti: seneti ina sauti juu ya utaratibu wa kuipanga, haina juu ya shilingi zenyewe, au tuseme dola zenyewe.

Hata hivyo seneti hiyo haina neno la mwisho. Neno la mwisho ni la bodi ya wadhamini wa wilaya ya chuo. Kanuni imeibana bodi hiyo namna mbili. Kwa mambo ambayo bodi imekubali kuegemea hasa ushauri wa walimu, pendekezo la seneti kwa kawaida hukubaliwa, na likikataliwa lazima kuwe na hali isiyo ya kawaida na sababu nzito. Seneti ikiomba, sababu hizo zinaandikwa na kupelekwa upesi. Kwa mambo ambayo bodi imechagua yaamuliwe kwa makubaliano ya pande mbili, wasipokubaliana sera iliyopo inaendelea, isipokuwa kama kuiacha kunaleta kesi au hasara kubwa ya fedha. Soma tena hilo la mwisho. Huko kwao, kama mahudhurio yangekuwa katika kundi hilo, asilimia 75 yenu ingebaki mpaka mtu ashawishiwe. Vikao vya seneti navyo viko chini ya sheria ya mikutano ya wazi, na ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla. Huwezi kuja mezani na jambo jipya mfukoni na kutaka lipite siku hiyo.

Mishahara na masharti ya kazi si ya seneti kabisa; ni ya chama cha wafanyakazi. Na wengi wa wanaofundisha huko, ukihesabu vichwa, ni walimu wa muda, ambao sheria hairuhusu kila mmoja apewe zaidi ya asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu katika wilaya moja. Muulize binamu yako yeye ni wa upande gani. Hiyo ni kanuni ya jimbo hilo moja, si ya Marekani nzima, kwa hiyo usije ukasimama kikaoni ukasema "Marekani wanafanya hivi."

Cha kuazima kutoka kwao ni kitu kimoja kidogo, nacho hakihitaji sheria mpya ya Bunge: anayekataa pendekezo la walimu aandike sababu. Jambo hilo mnaweza kuliomba liingie kwenye hadidu za rejea zenu kesho, na bodi ya chuo ikilipitisha, mkuu atakayekuja baada ya huyu atalikuta mezani.

Turudi kwenye mahudhurio, maana hapa ndipo penye kazi. Msianze kwa kusema asilimia 90 ni dhuluma. Anzeni kwa kujiuliza mkuu ameipata wapi. Huenda ni woga wa mkaguzi. Tangu 2018 serikali ilipoanza kutoa ruzuku ya Sh30,000 kwa kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi kwa mwaka, pesa imefuata majina yaliyo kwenye orodha. Mfumo wa ufadhili umebadilika baadaye, lakini swali la mkaguzi ni lile lile: huyu mwanafunzi yupo kweli, au ni jina? Mkuu mwenye rejista za mahudhurio zilizojaa mapengo ndiye anayejibu. Tena pengine kuna mkufunzi, hapo hapo kwenye bodi yenu, asiyeita majina hadi Ijumaa. Kama woga wa mkuu ni huo, asilimia 90 haiuondoi. Kinachouondoa ni rejista inayojazwa kila siku na kutiwa sahihi na mkuu wa idara. Mpeni hiyo, naye ataona amepata alichotaka.

Kisha fanyeni hesabu. Chukua muhula wenye wiki 12 za masomo, siku 60. Kwa asilimia 75 mwanafunzi anaweza kukosa siku 15, kwa asilimia 90 anaweza kukosa sita. Sasa chukua kijana wa Faza au Kizingitini anayerudi kwao mwisho wa wiki. Muhula wa pili, Mei hadi Agosti, unaangukia ndani ya kusi, na hakuna haja ya kumweleza mtu wa Lamu bahari ya Julai ilivyo. Akikosa Jumatatu zote kwa sababu boti haikutoka, amepoteza siku 12. Mahudhurio yake ni asilimia 80: kwa kanuni ya zamani amepita, kwa mpya amefungiwa nje. Akikosa nusu tu ya Jumatatu hizo, amegusa 90 kamili, na hana haki ya kuugua hata siku moja. Kijana huyo huyo, akiwa mwenyeji wa mtaa wa Langoni hapo mjini anayekwenda chuoni kwa miguu, kanuni hiyo hata haimgusi. Kwa hiyo kinachopimwa na sera hii ni umbali wa nyumba ya mtu na upande unaovuma upepo. Bidii haimo.

Toeni rejista za miaka michache iliyopita, mzipange kwa muhula na kwa anakotoka mwanafunzi. Kama hesabu inaonyesha nilichosema, jedwali moja la nusu ukurasa litafanya kazi kuliko hotuba za saa nzima. Kama haionyeshi, kwa mfano ikadhihirika kwamba watoro wakubwa ni wa mjini hapo hapo, basi mkuu ana hoja na nyinyi mtakuwa mmeokoka aibu.

Kuna hoja ya pili, na hii ni ya kitaaluma. Msingi wa CBET ni kwamba mwanafunzi anapimwa kwa anachoweza kufanya, na matokeo yake ni kuwa amefikia umahiri au bado. Hesabu ya siku alizokalia kiti haimo katika hukumu hiyo. Kumzuia asitathminiwe kwa sababu ya siku, wakati kazi zake zote zimo ndani ya jalada la ushahidi na mkufunzi amezikubali, ni kurudisha mfumo wa zamani kupitia mlango wa nyuma. Lakini msiivute hoja hii mpaka ikatike. Kwenye karakana, anayekosa hakosi nadharia tu. Anakosa saa za kushika msumeno na mashine huku mtu anamwangalia, na kijana asiyezoea mashine anaweza kupoteza vidole. Hapo mimi niko upande wa mkuu wa chuo kabisa, na ningekuwa mkali kumzidi.

Basi pelekeni pendekezo lenye sura hii. Darasani, asilimia 80. Karakanani, hesabuni saa badala ya siku, na saa zote lazima zitimie, kwa vipindi vya kufidia Jumamosi au wiki ya kwanza ya likizo. Anayepungukiwa asizuiwe papo hapo; apewe mpango wa kufidia uliotiwa sahihi na yeye, mkufunzi na mkuu wa idara, na akiupuuza huo ndio azuiwe. Kwa wanaosafiri kwa boti, siku ambayo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ihesabiwe kuwa udhuru. Tahadhari hizo hutolewa hadharani na zina tarehe, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye na hakuna mzazi wa kupiga simu ofisini kuomba huruma.

Mtaletewa pia habari ya Ramadhani na Maulidi. Shaurini yasiingizwe kwenye sera ya mahudhurio. Yapelekeni kwenye ratiba. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, kwa hiyo kanuni ya muhula fulani itachakaa upesi. Ratiba ya mwaka inayopangwa huku kalenda zote mbili zimefunguliwa mezani inatosha: vipindi vizito vya karakana asubuhi wakati wa mfungo, na wiki ya Maulidi ya Mfunguo Sita isipangiwe tathmini. Chuo kinachopanga tathmini Lamu wiki hiyo kimejitakia.

Sasa kozi ya vyombo. Wanafunzi tisa ni wachache, na sitakudanganya kwamba bodi yoyote ya chuo itaipenda hesabu hiyo. Mkufunzi analipwa, mbao zinanunuliwa, fibaglasi haishuki bei. Lakini swali la kwanza ni utaratibu. Kupitia kozi ni kazi ya bodi ya chuo kwa mujibu wa sheria. Je, bodi ilikaa ikaamua kusimamisha usajili? Kama ilikaa, kuna kumbukumbu za kikao. Kama haikukaa, waraka ule ni mapendekezo ya katibu wake yaliyovaa nguo za uamuzi. Ulizeni hilo kwa upole na kwa maandishi.

La pili ni hao tisa waliomo. Waraka umesema kozi haisajili tena, haukusema wao watamalizaje. Ifungwe au isifungwe, lazima kuwe na mpango wa kuwafikisha mwisho: mkufunzi yupi, karakana ipi, hadi lini, na nani anawapeleka kwenye tathmini. Ikitokea kuwahamisha kozi, hapo Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015, iliyotungwa kutimiza kifungu cha 47 cha Katiba, inawahusu moja kwa moja: wapewe taarifa mapema, wapewe nafasi ya kusikilizwa, wapewe sababu kwa maandishi. Hii ni haki ya wanafunzi wenyewe, na wao ndio wenye sauti nzito zaidi hapa. Mkufunzi anayeitetea kozi yake hutazamwa kama anatetea mshahara.

La tatu ni hesabu yenyewe. Mtaala wa CDACC una umahiri wa msingi, kama mawasiliano, matumizi ya kompyuta na ujasiriamali, na vitengo hivyo vinafanana katika kozi nyingi. Vijana tisa wa vyombo hawahitaji darasa lao la mawasiliano. Wanakaa na useremala na umeme. Kinachobaki peke yake ni umahiri wa kiini, yaani ufundi wenyewe wa vyombo, na gharama yake ni ndogo kuliko inavyoonekana mtu anapogawanya mshahara wa mkufunzi kwa tisa. Pendekezeni usajili wa mara moja kwa mwaka badala ya kila muhula, mkusanye kundi moja la watu 15 au zaidi. Na angalieni Matondoni. Pale kuna mafundi waliounda majahazi maisha yao yote bila karatasi hata moja. Sera ya kitaifa ya kutambua ujuzi wa awali ilizinduliwa 2024, na mafundi hao wakija kutathminiwa, karakana yenu inapata watu na vijana wenu wanapata mabingwa wa kuwatazama wakikata mkuku.

Neno la pembeni: msiitaje bandari. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lianze kazi Mei 2021, kila kozi inayotaka kuokolewa inasema bandari itaajiri. Wajumbe wa bodi wamechoka kulisikia. Kama mna barua ya mwajiri mmoja, mwenye boti za watalii Shela au chama cha wavuvi, inayosema anahitaji mafundi wa kutengeneza fibaglasi, iambatisheni. Kama hamna, nyamazeni.

Mtafanyaje bila kujichoma? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kikao bila kumbukumbu ni vivyo hivyo. Anzeni kutafuta kumbukumbu za kikao chenu. Zilitiwa sahihi? Maamuzi yote mawili yameandikwa kwa maneno yanayoeleweka, au imeandikwa tu kwamba wajumbe walijadili kwa kina? Kama ni hilo la pili, hamna uamuzi mnaoweza kuudai; subirini kikao kijacho mzisahihishe kumbukumbu kabla hazijathibitishwa, kabla ya jambo lingine lolote.

Zikiwa sawa, naibu mkuu wa taaluma au yeyote anayeongoza bodi yenu amwandikie mkuu wa chuo barua fupi kwa niaba ya idara zote: tulipendekeza hivi tarehe fulani, waraka umesema vile, tunaomba sababu ili tuzijadili. Ukurasa mmoja, bila sifa wala lawama. Ambatisheni jedwali na pendekezo la asilimia 80. Kisha ombeni pendekezo hilo lipelekwe kwenye bodi ya chuo, na kumbukeni kwamba mkuu ndiye katibu. Mwacheni yeye alipeleke kama lake. Nimeona mapendekezo mazuri yakifa kwa sababu walimu walitaka jina lao liwe juu.

Mkikaliwa kimya, iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halitozwi ada, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Mnaweza kuomba kumbukumbu za kikao cha bodi kilichoamua kuhusu kozi. Kwa sheria hiyo, afisa wa kutoa habari ni mkuu wa taasisi mwenyewe, kwa hiyo barua inakwenda mlango ule ule. Asipojibu, Tume ya Haki ya Utawala, watu humwita Ombudsman, ndiyo inayopokea malalamiko. Mahakama iko mbali sana na hapo, na Mahakama Kuu kwa kawaida haitawasikiliza kabla hamjamaliza njia za ndani.

Suala la nani atie sahihi ni zito kuliko mnavyolichukua. Kati yenu kuna walioajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na kuna walioajiriwa na bodi ya chuo kwa mikataba mifupi. Hao wa pili msiwape kalamu. Mkataba usiohuishwa hauhitaji kuelezwa sababu yake, au angalau ndivyo unavyotendwa, na hakuna atakayethibitisha kwamba ulikatika kwa ajili ya barua. Wachangie hesabu na rejista, wahudhurie, wapige kura zao. Sahihi ziwe za wakuu wa idara wenye ajira ya kudumu. Anayesema kwamba mshikamano ni wote kutia sahihi, muulizeni mkataba wake unaisha lini.

Gazetini msiende sasa. Hamjajibiwa bado, na habari ikitoka, mkuu ataitwa na bodi ajitetee. Mtu aliyekwisha kujitetea hadharani harudi nyuma hata akioneshwa jedwali zuri namna gani. Tena mwandishi atawahoji wale vijana tisa na picha zao zitatoka, nao ndio watakaobaki chuoni. Pelekeni barua kwanza. Kama kikao cha bodi ya taaluma kimepangwa mwanzoni mwa muhula, ombeni ajenda iwafikie wajumbe siku saba kabla, na hadidu za rejea ziwe jambo la kwanza kwenye ajenda hiyo, kabla ya mahudhurio na kabla ya kozi.